Ufundi wa Mavazi katika Nchi ya Chai

Kericho na Bomet ni nchi ya juu, yenye kimo cha mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua ni nyingi, na asubuhi baridi hupenya mpaka mifupani. Hali hiyo huipendeza chai, lakini humlazimisha mwanadamu kujifunika vema.

Zamani Wakipsigis walivaa ngozi. Wanawake walizikwangua, wakazilainisha kwa mafuta, wakazishona na kuzipamba kwa shanga na kauri zilizofika kwa biashara kutoka pwani. Shanga hazikutiwa ovyo: mshonaji alichagua rangi, akazihesabu, akazipanga safu kwa safu. Hata kibuyu cha mursik kilipambwa vivyo hivyo. Basi tusidhani ya kuwa ubunifu wa mavazi uliletwa na wageni.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na nyuma yake yakaja mablanketi na nguo za dukani. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kilimo kikubwa cha chai Kericho. Watu wakapata mishahara, na ngozi zikawekwa kando. Sindano za kufumia nazo ziliingia kwa mafundisho: shule za misheni zilifundisha wasichana, na tangu mwaka 1952 vyama vya Maendeleo ya Wanawake vilifundisha akina mama.

Yafaa kujua jinsi kazi hii inavyotendeka. Kitambaa cha kawaida hufanywa kwa nyuzi zinazopishana. Sweta hufanywa kwa kupitisha uzi kitanzi ndani ya kitanzi. Kwa hiyo hunyumbuka, tena huhifadhi joto la mwili. Mfumaji akizidisha vitanzi, bega hulegea. Akivipunguza, kichwa hakipiti. Akitaka mapambo ya rangi, huyachora kwanza juu ya karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa kila kitanzi. Hesabu hiyo ni ndugu ya hesabu ya shanga.

Baada ya Uhuru, wakulima wadogo waliuza majani yao kwa shirika la KTDA, lililoundwa mwaka 1964. Fedha za chai zikalipa karo, na wanafunzi wakahitaji sweta za rangi ya shule yao. Hivyo wafumaji wenye mashine za mkono wakapata riziki.

Lakini tangu miaka ya 1990 mitumba imejaa sokoni. Sweta iliyokwisha kuvaliwa Ulaya yaweza kuuzwa kwa bei isiyotosha hata kununua uzi wa kufumia nyingine. Mfumaji hawezi kushinda kwa bei. Silaha yake ni ubunifu: kufuma vazi lisilopatikana ndani ya mtumba wowote, lenye kipimo cha mvaaji na mapambo ambayo bibi zake waliyajua. Kijana anayeyatazama mapambo ya kibuyu cha nyumbani kwao, akayahesabu na kuyachora, amekwisha kuanza kazi hiyo.