Nasaba na Vinasaba

Neno vinasaba limezaliwa na neno nasaba, lakini mtoto hafanani sana na mzazi wake. Nasaba huhesabiwa kwa ulimi na kuandikwa katika shajara: fulani bin fulani bin fulani, hadi kwa babu aliyeshuka chomboni. Vinasaba vimo ndani ya seli za mwili, na siku hizi hupimwa maabara kwa mate kidogo yaliyotiwa kichupani. Mtu wa pwani apelekapo mate yake, aghalabu hutaraji kwamba kipimo kitaitia shajara muhuri. Kumbe majibu huweza kurudi na habari nyingine. Aliyelelewa akijua kwao ni Shirazi huenda akakuta kwamba sehemu kubwa ya urithi wake ni ya Kibantu. Aliyejua kwao ni Hadhramaut, akakutana na Bara Hindi. Na mwingine akasomewa Kameruni, nchi ambayo hakuna bibi aliyepata kuitaja. Hapo minong'ono huanza: nani aliyedanganya, babu au maabara?

Huenda hakuna aliyedanganya. Maabara haina daftari la safari za wahenga. Ilicho nacho ni sampuli za watu wa zama hizi, waliogawanywa makundi na kupewa majina ya nchi, na asilimia inayotajwa ni makadirio ya jinsi mpimwaji anavyofanana na makundi hayo. Lugha za Kibantu zilianza kuenea, miaka elfu kadhaa iliyopita, kutoka eneo lililo leo baina ya Nigeria na Kameruni, na wazungumzaji wake wakaubeba urithi wao hadi Bahari ya Hindi. Maabara isiyo na sampuli za kutosha za Wamijikenda au Wamakonde humweka mtu wa Mombasa au Lindi kwa jamaa walio karibu naye katika hazina yake. Kameruni hapo ni jina la undugu wa kale, wala haimaanishi kwamba bibi fulani alitoka huko. Hazina ikiongezwa sampuli, asilimia nazo hubadilika, na mate ni yale yale.

Tena urithi haugawiwi kama mirathi. Kila mtu hupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba, lakini nusu hiyo huchanganywa upya kila mtoto anapotungwa, hata ndugu wa tumbo moja wakaweza kupata asilimia zinazotofautiana. Ukirudi nyuma vizazi kumi, nafasi za wazazi ni 1,024. Babu mmoja miongoni mwao huenda asiache hata kipande katika mwili wa kitukuu wa vitukuu vyake. Kutoonekana kwake katika majibu hakuthibitishi kwamba hakuwako.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana kwamba Waafrika na Waasia walianza kuchanganyika kiasi cha mwaka 1000. Kwa wengi wa watu hao, zaidi ya nusu ya urithi ilikuwa ya Kiafrika, nayo ilitoka hasa kwa upande wa kike. Katika sehemu ya Kiasia, asilimia 80 hadi 90 ilitokana na wanaume wa Uajemi, na palikuwa na chembe za Bara Hindi pia. Baada ya mwaka 1500 hivi, urithi wa Kiarabu ukazidi. Makaburi mengi yaliyochimbwa yalikuwa ya wenye hadhi, kwa hiyo hayasemi kwa niaba ya kila mvuvi na mkulima. Hata hivyo, wale waliowacheka Washirazi kwamba wamejitungia babu walijibiwa. Na wale waliomtaja babu pekee nao walijibiwa.

Jibu hilo halikuwa geni kabisa. João de Barros, Mreno aliyechapisha habari za Kilwa mwaka 1552, alieleza kwamba Ali, mwanzilishi wa utawala ule, alikuwa mwana wa mfalme wa Shirazi aliyezaliwa na mama Mhabeshi, na kwamba ndugu zake walimdharau kwa sababu hiyo. Karne nyingi baadaye, Unguja ilishuhudia mfano ulio wazi zaidi. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, watoto aliowaacha walikuwa wa masuria. Mama wa Barghash alikuwa Mhabeshi. Mama wa Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, alikuwa Mcherkasi wa milima ya Kaukazi. Kama wangepimwa, mmoja angeonyeshwa Afrika na mwingine Kaukazi, nao kwa nasaba ni Al Busaid sawasawa. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alikuwa huru, akaingia katika ukoo wa baba. Mama yake hakuwa na mstari katika shajara. Hata amri ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Wao walingoja hadi mwaka 1909.

Visiwani, majina haya hayakuwa pambo. Sensa za wakoloni zilimtaka kila mtu achague kabila moja. Vyama vya siasa vikasimama juu ya Uafrika, Ushirazi na Uarabu. Na mwaka 1964 wapo waliouawa kwa sababu ya ukoo walionasibishwa nao. Asilimia za maabara zinaweza kutumiwa vivyo hivyo, kumvua jirani uenyeji wake au kumkana jamaa. Lakini zikisomwa pamoja na historia, hurudisha mezani jambo ambalo kalamu za shajara zililiruka. Kila bin katika mlolongo ule alikuwa na mama, na wengi wa akina mama hao walikuwa wa pwani na bara ya Afrika. Wao ndio waliowafundisha wana wa Ali kusema. Kiswahili kimehifadhi walichosema, na miili ya wajukuu imewahifadhi wao wenyewe.