Larry Doby (1923–2003)

Tarehe 5 Julai 1947, wiki 11 baada ya Jackie Robinson kuvunja kizuizi cha rangi katika ligi kuu nyingine ya besiboli, Larry Doby aliingia timu ya Cleveland akawa mchezaji wa kwanza Mweusi katika Ligi ya Marekani (American League). Baadhi ya wenzake walikataa kumpa mkono. Jina la Robinson linajulikana kila mahali. Doby, aliyebeba mzigo uleule, hutajwa kwa nadra, na hilo si haki.

Tazama picha hii ya Oktoba 1948. Doby ametoka kupiga mpira ukavuka uzio katika fainali, na mrushaji mwenzake wa Cleveland, Steve Gromek, Mzungu, amemkumbatia shavu kwa shavu. Wote wawili wanacheka, macho wameyafumba. Picha hii ilichapishwa magazetini nchi nzima, enzi za ubaguzi.

Doby alilinda eneo la kati la nje, na mwaka 1952 na 1954 aliongoza ligi kwa kuvusha uzio mipira 32 kila mwaka. Baadaye akawa kocha Montreal na Cleveland, na mwaka 1978 akaiongoza Chicago White Sox: kocha mkuu Mweusi wa pili katika ligi kuu. Jezi yake namba 14 haivaliwi tena Cleveland.