Vinu vilitaifishwa, msagaji akabaki kazini

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa, Newala na Masasi hurudia mjadala ule ule. Bei ya mnada ikipanda watu hushangilia, malori hushuka na korosho ghafi kuelekea bandari ya Mtwara, kisha mtu huuliza kwa nini ziende kubanguliwa India na Vietnam wakati wilaya hizi zilijengewa viwanda, viwili Newala na kimoja Masasi. Wengine hujibu kwamba mitambo haikufaa. Wengine hulaumu ubinafsishaji, kwamba uliwapa viwanda watu waliotaka maghala. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalomgusa mtu aliyepaswa kuviendesha: alitoka wapi, alijifunzia kwa nani, na alipoondoka alimwachia nani. Azimio la Arusha linakaribia kutimiza miaka 60, na katika historia yake kuna kisa kinacholijibu swali hilo vizuri kuliko ripoti nyingi. Ni kisa cha Jayantilal Keshavji Chande, ambaye wengi walimjua kama Andy Chande.

Chande alizaliwa Mombasa mwaka 1928 na kukulia Bukene, kituo cha reli kati ya Tabora na Mwanza, ambako wazazi wake waliishi kwa biashara ya duka na mazao. Alisoma India, akarudi kuingia katika biashara ya familia, na mwaka 1955 akaoa binti wa Muljibhai Madhvani, tajiri wa sukari wa Kakira, Uganda. Kabla ya uhuru alikaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kufikia miaka ya 1960 Chande Industries ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za kusaga nafaka nchini, na yeye, ambaye hakuwa amefikisha miaka 40, ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Sehemu kubwa ya haya ameyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, A Knight in Africa, kilichotoka mwaka 2005. Ni kweli kwamba mtu anayejiandikia maisha yake huchagua pa kuweka mwanga. Hata hivyo, jambo kuu analoeleza halibishaniwi, kwa kuwa lilitokea mbele ya taifa zima.

Jambo hilo ni la Februari 1967. Siku chache baada ya Azimio kutangazwa, serikali ilitaifisha mabenki, kampuni kubwa za kuagiza na kusafirisha bidhaa, na kampuni 8 za vyakula, nyingi zikiwa za kusaga nafaka. Chande Industries ilikuwamo, pamoja na Kyela Sattar Mills na nyinginezo. Mwalimu Nyerere alimwita Chande Ikulu na kumwambia yeye mwenyewe kwamba mali ya familia yake inachukuliwa. Katika kikao hicho hicho akamwomba abaki aiendeshe kwa niaba ya umma. Uzito wa ombi hilo unastahili kupimwa vizuri. Fidia ilikuwa imeahidiwa, lakini ahadi si fedha mkononi. Jamaa na wafanyabiashara wenzake wa Kiasia walikuwa wameanza kuhesabu njia za kuondoka, naye akatakiwa aende kazini kama mwajiriwa katika vinu alivyovijua kama vyake. Alikubali, akawa meneja mkuu wa chombo kilichokuja kuwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Hata mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majumba na Waasia wengi zaidi wakahama, yeye hakuhama.

Heshima ya kisa hiki huelekezwa kwa moyo wa Chande, na anaistahili. Nami naona sehemu kubwa ya heshima hiyo ni ya uamuzi wa Nyerere. Aliyeamini kwamba njia kuu za uchumi ni za umma alitambua pia kwamba hati ya umiliki haisagi mahindi. Kinu kinahitaji mtu anayejua nafaka yenye unyevu inavyoharibika ghalani, gunia linapopotelea, kipuri cha kuagiza miezi mingi kabla hakijakatika, na mnunuzi wa pumba. Elimu hiyo haichukuliwi kwa amri. Uganda ilitoa ushahidi wa kinyume miaka 5 tu baadaye. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, shemeji yake Chande, Manubhai Madhvani, akafungwa kisha akaondoka, na Kakira ikabaki na mashamba na mitambo yake yote. Uzalishaji ukaporomoka hadi kiwanda kikasimama, na mwaka 1985 familia ile ile ikarudi kukifufua.

Sasa turudi Newala na Masasi. Kati ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia na kwa mitambo ya Kiitaliano na Kijapani, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kuta za Newala na Masasi zilisimama, mitambo ikafungwa, ila nyuma yake hapakuwa na mtu wala familia iliyoishi kwa kubangua na kuuza korosho zilizobanguliwa. Wakulima wa Newala walikuwa mabingwa wa mikorosho, na mamlaka ya zao ilijua kununua na kusafirisha ghafi. Ufundi uliokuwa katikati, wa kutoa punje nzima nyeupe na kumpata mnunuzi wake Ulaya au Marekani, ulikuwa India.

Msomaji wa Newala anaweza kunipinga hapa, na ana hoja. Atasema viwanda vilikufa kwa njaa: uzalishaji wa nchi ulishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, baada ya wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao na ugonjwa wa ubwiriunga kushambulia maua. Hilo ni kweli, na hakuna meneja angebangua hewa. Lakini korosho zilirudi. Salfa na miche bora ya watafiti wa kituo cha Naliendele ilifanya kazi yake, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 310,000. Mwaka uliofuata jeshi likatumwa kuzisomba korosho ghafi, na bado sehemu kubwa sana iliondoka na maganda yake. Njaa ya mali ghafi inaeleza kifo cha viwanda, haielezi kwa nini havikufufuka.

Kuna pingamizi la pili, zito zaidi. NMC yenyewe ilianguka, na ujuzi wa akina Chande ulikua katika uwanja usio sawa. Kuhusu NMC, jibu ni kwamba kuanzia mwaka 1973 ilibebeshwa mzigo usio wa msagaji: kununua nafaka nchi nzima kwa bei moja, hata makopa ya muhogo ya kusini, na kufidia hasara kwa mikopo ya benki. Leo mabaki ya mali zake yako chini ya Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kuhusu uwanja usio sawa, pingamizi ni sahihi kabisa. Chini ya sheria za Waingereza, deni alilokopeshwa Mwafrika na mfanyabiashara asiye Mwafrika halikudaika mahakamani bila idhini ya serikali, kwa hiyo mtu wa Masasi hakukopesheka na hakupata pa kujifunzia. Ndiyo maana ilibidi ujuzi ule urithishwe kwa mpango. Masasi inajua jambo hili linavyofanyika: misheni ya Kianglikana ya UMCA ilimpa Cecil Majaliwa upadri mwaka 1890 naye akahudumu Chitangali, na Askofu Trevor Huddleston alipoondoka mwaka 1968 alimwachia jimbo Hilary Chisonga. Kanisa lilitumia miaka 78 kuandaa mrithi Mwafrika. Viwanda vya korosho havikupewa hata 10.

Chande aliishi miaka mingi baada ya NMC, akiongoza bodi za mashirika, Rotary, bodi ya shule ya Shaaban Robert na jitihada zilizoanzisha shule ya viziwi Buguruni. Malkia Elizabeth wa Pili alimpa heshima iliyomfanya aitwe Sir. Alifariki tarehe 7 Aprili 2017. Kazi hizo za kujitolea zina uhusiano na vinu: mtu anayekaa kamati moja na wazazi wa watoto anaulizwa maswali mtaani, na meneja anayeulizwa mtaani huchunga hesabu zake.

Vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho, TANECU na MAMCU, sasa vinazungumza tena lugha ya kubangua vyenyewe, na ni lugha nzuri. Kabla ya kuagiza mtambo, vyama hivi vitangaze jina la meneja, kazi ya kubangua aliyowahi kuifanya, na majina ya vijana wa Newala na Masasi watakaojifunza chini yake. Mkulima anayekatwa fedha katika kila kilo ana haki ya kuyajua majina hayo kabla mkutano mkuu haujapiga kura.