Dirisha la Dawa Katika Mji wa Dar es Salaam

Mgonjwa wa Dar es Salaam aliyekwisha kuonwa na daktari huambiwa aende dirishani, wala hana haja ya kuuliza ni dirisha gani. Ni tundu la ukutani ambamo mkono wake hupenya na cheti, na mkono mwingine ukamrudishia bahasha ya vidonge. Uso wa mtu aliye ndani huonekana nusu, na jina lake halijulikani. Hata hivyo mtu huyo ndiye wa mwisho awezaye kulizuia kosa kabla halijaingia mwilini, na ndiye ajuaye bei ya kila kidonge kipitacho mkononi mwake. Ilichukua muda mrefu kabla ya kufikiriwa kuwa ni mlinzi wa mgonjwa, na si mlinzi wa kabati tu.

Hospitali iliyowapokea Waafrika na Wahindi mjini humo ilijengwa katika miaka ya 1890 kwa mali ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, aliyefariki dunia mwaka 1897. Wazungu walikuwa na yao peke yao, ufukweni, katika Ocean Road. Miaka hiyo hiyo, 1897 na 1898, alikuwapo mjini Robert Koch, bingwa wa Kijerumani aliyekwisha kugundua vijidudu vya kifua kikuu, naye alikuwa akichungua malaria. Dawa iliyotegemewa na wote ilikuwa kwinini. Basi Koch alitoa rai iliyozusha ubishi mkubwa, ya kwamba homa ya mkojo mweusi, ambayo iliwaua Wazungu wengi, haikuletwa na malaria bali na kwinini yenyewe. Baadaye ilionekana kwamba malaria ilikuwa na sehemu yake, na kwamba hatari iliwakabili hasa wale waliomeza kwinini kwa kurukaruka, leo nyingi, kesho hakuna. Rai ilikuwa na kasoro, lakini swali lililokuwa ndani yake halikuondoka pamoja nayo. Ikiwa dawa iponyayo yaweza pia kudhuru, ni nani atakayesimama kati ya dawa na mwenye kuimeza?

Vita vya 1914 hadi 1918 havikumpa mtu nafasi ya kulijibu. Wajerumani waliozuiliwa njia ya bahari walitengeneza kwinini yao huko Amani, katika milima ya Usambara, kwa magome ya mti wa kwinini. Waingereza nao walikusanya wapagazi kwa maelfu, na mahali pa kambi yao ya Carrier Corps, wenyeji walipaita Kariakoo. Wapagazi waliokufa kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kwa hiyo mtaa ambao leo unasifika kwa soko na biashara ulipata jina lake kwa watu ambao dawa hazikuwafikia.

Serikali ya Kiingereza iliugawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ya Uhindini na makazi ya Waafrika. Hospitali ya Sewa Haji iliendelea kuhudumia watu mpaka miaka ya 1950. Mchanganya dawa wa zama zile alikuwa fundi kweli kweli: alipima unga kwa mizani, akasaga, akakoroga, akajaza chupa kubwa za dawa ya kifua na dawa ya tumbo. Ustadi wake ulikuwa katika kuitengeneza dawa. Ikisha kutoka mkononi mwake, ushauri wote uliobaki ulikuwa maneno matatu ambayo mpaka leo hayajafa: kutwa mara tatu.

Mwaka 1956 hospitali mpya ilifunguliwa Upanga kwa jina la Princess Margaret, na baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Jina la tajiri wa Bagamoyo halikupotea, maana mojawapo ya majengo ya wagonjwa hapo linaitwa Sewa Haji. Shule ya udaktari ilianza mwaka 1963, na masomo ya shahada ya ufamasia yakafuata mwaka 1974. Tofauti hii ya miaka 11 si jambo dogo. Nchi iliyokuwa ikijitahidi kupata madaktari wake iliwapata kabla ya kupata watu wa kuwaangalia madaktari hao wasikosee.

Wafamasia wa kwanza waliosomea nyumbani walitoka chuoni katika wakati mgumu. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi zilizoendeshwa kwa faida. Sheria ya 1978 iliweka Bodi ya Famasi na kupanga dawa zipi ziuzwe na duka gani, na ndipo maduka ya dawa baridi yalipopata mahali pake. Lakini vita vya Kagera na upungufu wa fedha za kigeni viliacha rafu tupu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa, mwaka 1977, orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, kama dawa 200 hivi, na Tanzania iliipokea fikira hiyo kwa moyo. Katika miaka ya 1980 masanduku ya dawa yaliyofungwa tayari, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, yalipelekwa katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Ulikuwa mpango mzuri. Haukukusudiwa kwa hospitali kubwa za mjini.

Basi cheti kikaanza safari. Dirisha la Muhimbili likisema hakuna, mgonjwa au ndugu yake huvuka Barabara ya Umoja wa Mataifa akaelekea Kariakoo, cheti mkononi. Huko dawa zipo, lakini anayesimama nyuma ya meza hamjui mgonjwa. Hajui uzito wa mtoto aliyelala wodini, ilhali dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Hajui kama mwanamke huyu anatumia dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, ambayo hudhoofisha vidonge vya kuzuia mimba. Fedha zikipungua, vidonge vya siku saba hununuliwa vya siku tatu. Daktari akiwa ameandika jina la kiwanda badala ya jina la asili la dawa, ndugu huyo hulipia jina, na kidonge ni kile kile. Hapo usalama na gharama si mambo mawili. Nusu ya dozi iliyonunuliwa kwa taabu ni fedha iliyotupwa, na ni kijidudu kilichofundishwa kuishi na dawa. Mwaka 1991 hospitali za binafsi ziliruhusiwa tena, na 1993 wagonjwa wa hospitali za serikali walianza kuchangia gharama. Mwaka huo huo sheria iliunda Bohari ya Dawa, yenye makao yake Keko, ili ununuzi uende kwa utaratibu. Bohari ilishughulikia upungufu wa rafu. Safari ya cheti ni jambo jingine.

Katika nchi nyingine watafiti walikuwa wamekwisha kumtoa mfamasia nyuma ya dirisha. Huko San Francisco, mwaka 1966, wafamasia walihamishiwa kwenye ghorofa ya wagonjwa. Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Hepler na Strand, waliandika kwamba mfamasia anawajibika kwa matokeo ya dawa, si kwa kuitoa tu. Uthibitisho ulio wazi ulitoka Boston mwaka 1999. Katika wodi ya wagonjwa mahututi, mfamasia alifuatana na madaktari kila asubuhi, na madhara yaliyotokana na makosa ya kuagiza dawa yakapungua kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Hapakununuliwa mashine kwa ajili hiyo. Mtu alibadilishiwa mahali pa kusimama.

Dar es Salaam ilipata mtihani wake kwa malaria, kama zamani za Koch. Mwaka 2001 klorokwini iliachwa kwa kuwa vijidudu viliizoea, ikafuata SP, na mwaka 2006 ikaamuliwa itumike dawa ya mseto. Mseto una dozi 6 katika siku 3, na yafaa umezwe pamoja na chakula chenye mafuta. Homa mara nyingi hutoka kabla ya vidonge kwisha, na mgonjwa aliyepona nusu huvihifadhi vilivyobaki kwa ajili ya mtoto wa jirani. Maneno ya kumzuia huchukua dakika mbili au tatu, na foleni ya dirishani haina dakika hizo.

Siku hizi wako wafamasia Muhimbili wanaoingia wodini na kusoma faili la mgonjwa kabla dawa haijatolewa. Cheti kinachotoka nje ya lango kwenda Kariakoo hakiambatani na faili hilo. Kinafika dukani kikiwa karatasi tupu yenye majina ya dawa, na kilichouzwa huko, na kiasi kilichouzwa, hospitali haipati habari zake.