Nani Anayebeba Taharuki? Mhusika na Hofu ya Msomaji katika Riwaya Pendwa za Vijana

Katika Karatasi ya Fasihi ya KCSE, ile inayojulikana kwa nambari 102/3, mtahiniwa huletewa dondoo, akatakiwa aeleze muktadha wake, ataje sifa za msemaji, kisha abainishe mbinu za uandishi. Sifa za mhusika zina swali lake. Taharuki ina lake, tena mara nyingi imepangwa safu moja na tashbihi, takriri na methali. Miongozo ya riwaya teule inayouzwa Mombasa nayo imegawika vivyo hivyo: huku wahusika, huku mbinu. Mwanafunzi wa Bombolulu, ng'ambo ya Daraja la Nyali, akianza na mwongozo kabla ya riwaya, huifungua riwaya yenyewe akijua tayari nani atakufa na nani atarudi nyumbani. Kisha huulizwa taharuki imejengwaje katika kitabu ambacho hakikuwahi kumkalisha roho juu.

Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Yanadai kwamba katika hadithi zinazopendwa na vijana taharuki haina makao mengine ila ndani ya mhusika, na kwamba anayemchambua mmoja bila mwenzake amepoteza wote wawili.

Kuhusu maana ya taharuki hakuna ugomvi mkubwa: ni ile hamu iliyochanganyika na hofu inayomfanya msomaji atake kujua kitakachofuata. Ugomvi unaanza pale riwaya pendwa inapowekwa kando ya ile inayoitwa riwaya dhati. Dai lililozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili, vyuoni na shuleni, ni kwamba hadithi za upelelezi na za safari humla mhusika ili kulisha msuko. Wahusika wake ni bapa, basi hazistahili kusomwa kwa makini. Istilahi hiyo ya bapa, pamoja na mwenzake duara, asili yake ni E. M. Forster katika kitabu chake cha mwaka 1927, na wengi wanaoitumia wamesahau kipimo alichokiweka mwenyewe. Kwa Forster, mhusika duara hutambulika kwa uwezo wake wa kumshangaza msomaji kwa namna inayosadikika. Mshangao hauji bila matarajio, na matarajio ndiyo malighafi ya taharuki. Mtu yule yule anayenukuliwa kuitenga taharuki na mhusika ndiye aliyevifunga pamoja.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko karibu. Mwaka 1996 Ken Walibora alichapisha Siku Njema, riwaya iliyokuja kutahiniwa katika shule za upili za Kenya na ambayo hata baada ya kutoka kwenye orodha ya vitabu teule iliendelea kusomwa kwa mapenzi. Mhusika mkuu, Msanifu Kombo, anajulikana zaidi kwa jina la utani, Kongowea Mswahili. Kwa msomaji wa Bombolulu jina hilo ni la nyumbani: Kongowea ni lile soko kubwa analolipita kila matatu yake inapotoka au kuelekea mjini. Hata hivyo kijana huyo ni wa Tanga, mwana wa Zainab Makame, mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki, kijana anabaki mikononi mwa jamaa, na mwishowe anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba ambaye hakulelewa naye.

Kwa hesabu ya kawaida, riwaya hii ingepaswa kukosa taharuki. Inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Msomaji anajua tangu ukurasa wa mwanzo kwamba msimulizi ameyapita yote, la sivyo asingekuwapo kuyasimulia. Swali la kama atapona limekwisha jibiwa. Mbona basi vijana huisoma hadi taa inapozimwa bwenini?

Jibu liko katika kile anachokitaka Kongowea. Walibora anatangulia kumpa msomaji upungufu wa kijana huyu kabla hajampa hatari zake: mama aliyekuwa na jina mjini, baba asiye na sura, nyumba ambamo yeye ni mgeni. Kila kikwazo kinachofuata kinapimwa kwa upungufu huo. Akicheleweshwa njiani, msomaji haogopi njia. Anaogopa kwamba baba atakosekana, au pengine baya zaidi, kwamba atapatikana na kuwa mtu asiyestahili kutafutwa. Ondoa hamu hiyo, uache matukio yote kama yalivyo, na safari ya kutoka Tanga hadi bara la Kenya inageuka orodha ya miji. Matukio ni yale yale. Taharuki imetoweka.

Kuna jambo la pili, na hili halitajwi vya kutosha. Nafsi ya kwanza inampa msomaji watu wawili kwa jina moja: kijana asiyejua na mtu mzima anayejua lakini anazuia. Mtu mzima huyo ndiye mwenye funguo. Anaamua lini msomaji apewe habari na lini anyimwe, na tabia yake, yaani huruma yake kwa kijana aliyekuwa, ndiyo inayopanga mwendo wa kutoa na kubana. Anayeandika katika karatasi ya mtihani kwamba Kongowea ana bidii na ni mvumilivu hajakosea, ila ameacha kazi kubwa anayoifanya mhusika huyo: kusimulia.

Pwani haihitaji nadharia ya Ulaya kulielewa hili. Anayesimuliwa kisa cha Fumo Liyongo mara nyingi anakijua mwisho wake. Anajua kwamba shujaa atauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Bado anatetemeka, kwa sababu macho yake hayako tena kwa Liyongo. Yako kwenye mkono wa mwana. Katika ngano za fanani nako, wimbo unaorudiwa huchelewesha tukio, na wakati huo wa kuchelewa hadhira hukaa na mhusika aliye hatarini, ikaimba naye.

Pingamizi lenye uzito linatoka Tanzania. Willy Gamba wa Elvis Musiba, mpelelezi wa Kufa na Kupona na Njama, habadiliki kutoka kitabu hadi kitabu. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye ana haiba isiyotikisika. Msomaji anajua watashinda, na anasoma. Je, hapo taharuki haijasimama peke yake, bila mhusika wa maana? La. Imehamishwa. Shujaa asiyeweza kufa humwachia hofu kila aliye kando yake, na pia huibebesha nchi nzima. Ni vigumu kumsoma Gamba bila kukumbuka kwamba Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na kwamba vita dhidi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini vilikuwa habari za kila siku za wasomaji wake. Mtobwa aliiweka shaka hiyo hadi kwenye jalada: Tutarudi na Roho Zetu? ni swali, na limeulizwa kwa wingi.

Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni kisa kingine. Tzvetan Todorov alieleza mwaka 1966 kwamba hadithi ya upelelezi ina udadisi unaotoka kwenye tukio kurudi kwenye chanzo chake, na taharuki inayotoka kwenye chanzo kwenda mbele. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, imejengwa juu ya udadisi: kifo kimetokea mahali panapoogopwa, watu wananong'ona juu ya mzimu, na Msa, kiko mdomoni, anatafuta sababu ya kibinadamu. Lakini msomaji hayuko na Msa. Yuko na Najum, rafiki anayeyaona yote na haelewi. Bila Najum kusingekuwa na fumbo, kungekuwa na ripoti ya polisi.

Wapo wazazi na walimu wanaohofu kwamba hadithi za uhalifu zitawafunza vijana uhalifu, na Kisauni, ng'ambo hiyo hiyo ya Daraja la Nyali, ambako magenge kama Wakali Kwanza yamewatesa wakazi, hofu hiyo haiwezi kubezwa. Ila anayezisoma hadithi hizi kwa makini huona zinamkalisha kijana upande wa anayehofia mwingine. Huko ni kujifunza kumjali mtu kabla hajaumia, na ni sababu ya kuzipa nafasi darasani, sio kuzificha chini ya dawati.

Darasa la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Wanaotunga tathmini za mtaala wa umilisi unaochukua nafasi yake wanayo nafasi ya kuuliza vingine. Badala ya kutaka sifa nne za mhusika na mifano miwili ya taharuki, swali lingempa mwanafunzi ukurasa mmoja na kumuuliza: hapa unamhofia nani, unajua nini ambacho yeye hakijui, na mwandishi alikuambia lini? Miongozo inaweza kuzitabiri sifa nne. Swali hili linamtaka aliyekisoma kitabu chenyewe.