Jamhuri Iliyobaki Jina: Roma Kutoka Makonsuli Hadi Makaisari

Mwaka 22 KK Roma ilikuwa taabani. Mto Tiber ulikuwa umefurika, maradhi yameenea Italia nzima, mashamba yamelala bila kulimwa na chakula kimeadimika. Umati wenye njaa ukawafungia maseneta ndani ya ukumbi wao, ukatishia kuutia moto wakiwa humo humo, hadi wapige kura ya kumfanya Augustus dikteta. Kisha watu wakachukua mafungu 24 ya fimbo, alama ya mamlaka ya dikteta, wakamwendea na kumsihi apokee. Augustus alipiga goti, akaliteremsha vazi lake hadi kifua kikabaki wazi, akakataa katakata. Alichokubali ni kusimamia nafaka ya mji tu.

Mtu huyo, ndiye yule Kaisari Augusto anayetajwa katika Injili ya Luka, tayari alikuwa amiri wa karibu majeshi yote ya Roma na tajiri kuliko raia yeyote. Cheo cha dikteta kisingemwongezea kitu ila maadui. Hapo ndipo ilipo siri ya safari ya Roma kutoka jamhuri hadi utawala wa mtu mmoja: hakuna siku jamhuri ilipofutwa. Kwa miaka ipatayo mia moja kila dharura ilizaa mamlaka ya pekee, mamlaka hayo yakazoeleka, na mwishowe yakakusanywa na mtu mmoja huku vyeo vyote vya zamani vikiwa bado vimesimama.

Waroma walihesabu kuwa jamhuri yao ilianza 509 KK, walipomfukuza mfalme wao wa mwisho, Tarquinius Superbus. Tangu hapo kumwita mwanasiasa mfalme kulikuwa ni kumtukana. Walichagua makonsuli wawili kila mwaka, wenye uwezo sawa, kila mmoja akiweza kuuzuia uamuzi wa mwenzake. Watu wa tabaka la chini walikuwa na matribuni kumi wa kuwatetea. Tribuni mmoja tu aliweza kuisimamisha sheria kwa kura ya turufu, na mwili wake ulikuwa na kinga ya kidini, hata aliyemdhuru angeweza kuuawa. Hatari kubwa ilipotokea aliteuliwa dikteta, lakini muda wake haukuzidi miezi sita. Seneti, baraza la wakubwa wapatao 300, lilisimamia hazina na mambo ya nje, na sheria zilipitishwa na mikutano ya raia.

Haikuwa demokrasia ya watu wote. Katika mkutano uliochagua makonsuli, matajiri walipiga kura kwanza, na mara nyingi mshindi alijulikana kabla zamu ya maskini haijafika. Ila msingi mmoja ulishikiliwa kwa karne nyingi: hapana mtu kukaa na madaraka makubwa peke yake kwa muda mrefu.

Kilichoutikisa msingi huo ni ushindi. Mwaka 146 KK Roma iliibomoa Carthage huko Afrika Kaskazini na Corinth huko Ugiriki. Fedha, nyara na mateka vikamiminika Italia. Wenye nacho wakakusanya mashamba makubwa na kuyalima kwa nguvu za watumwa, huku wakulima wadogo wakikaa vitani miaka mingi na kurudi kukuta mashamba yao yamedhoofika. Kwa kuwa sheria ilimtaka askari awe na mali, kila mkulima aliyepoteza shamba alikuwa pia askari aliyepotea.

Tribuni Tiberius Gracchus aliliona hilo. Mwaka 133 KK alileta sheria ya kuweka kikomo cha ardhi ya umma ambayo mtu mmoja angeweza kuishika, ili inayozidi wagawiwe wasio nayo. Tribuni mwenzake, Marcus Octavius, aliipinga kwa kura ya turufu. Gracchus akawaomba raia wamvue Octavius cheo, wakamvua, jambo lisilo na mfano katika kumbukumbu zao. Alipogombea tena, kundi la maseneta na wafuasi wao likiongozwa na kuhani mkuu, Scipio Nasica, lilimvamia na kumuua kwa marungu na vipande vya viti. Maiti za watu wapatao 300 zilitupwa mtoni usiku. Miaka 12 baadaye ndugu yake Gaius, naye mpenda mageuzi, aliangamia vivyo hivyo, safari hii baada ya Seneti kumpa konsuli idhini ya kuilinda dola kwa njia yoyote. Kila upande ulidai unailinda jamhuri, na kila upande ulivunja kanuni yake moja.

Suala la askari likapata jibu la aina nyingine. Mwaka 107 KK konsuli Gaius Marius, mtu asiyetoka katika koo kubwa za Roma, aliandikisha jeshini hata wasio na mali. Askari wa namna hiyo hakuwa na shamba la kurudia. Alipomaliza vita alimtazamia jemadari wake ampatie ardhi, kwa kuwa Seneti haikuwa na mpango wowote juu yake. Marius mwenyewe alichaguliwa konsuli miaka mitano mfululizo, kuanzia 104 hadi 100 KK, kwa hoja kwamba makabila ya kaskazini yalikuwa yakielekea Italia.

Matunda yake yalionekana mwaka 88 KK. Konsuli Lucius Cornelius Sulla alikuwa amekabidhiwa vita dhidi ya Mfalme Mithridates wa Ponto. Tribuni mmoja akapitisha sheria ya kumpa Marius vita hivyo. Sulla hakwenda mahakamani wala kwenye mkutano wa raia. Aliwaendea askari wake. Maofisa wote isipokuwa mmoja walimwacha, lakini askari wa kawaida walimfuata, na kwa mara ya kwanza jeshi la Roma likauteka mji wa Roma. Aliporudi kutoka mashariki alipigana vita vingine vya wenyewe kwa wenyewe, akawa dikteta bila kikomo cha muda, akabandika hadharani majina ya watu waliohukumiwa kufa bila kesi. Mali zao zilipigwa mnada. Baada ya kuipanga upya dola kama alivyotaka, na kuwapunguzia matribuni nguvu, alijiuzulu na kufa kitandani mwaka 78 KK. Sheria zake nyingi hazikudumu. Waliokuja baadaye walijifunza jambo moja tu kwake: kwamba njia ya kuelekea Roma na jeshi iko wazi.

Zilifuata dharura nyingine, kila moja na mtu wake. Mwaka 67 KK maharamia walikuwa wameziba njia za nafaka. Gnaeus Pompeius, ajulikanaye kama Pompey, akapewa mamlaka juu ya Bahari ya Mediterania yote na pwani zake hadi maili 50 barani. Kazi aliimaliza kwa muda wa miezi mitatu. Mwaka uliofuata akapewa na vita vya Mithridates. Hapo uraia ulikuwa umeenea Italia yote, kufuatia vita vya mwaka 91 hadi 88 KK kati ya Roma na washirika wake, na wapiga kura wengi waliishi mbali na uwanja wa kupigia kura. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya mji mmoja ulikuwa ukiendesha nchi kuanzia Uhispania hadi Shamu, na umahiri wa Pompey uliwaonyesha watu kuwa mmoja mwenye jeshi na muda wa kutosha aliweza yale ambayo makonsuli wa mwaka mmoja walishindwa.

Mwaka 60 KK Pompey, tajiri Marcus Crassus na Julius Caesar walipatana kimya kimya kusaidiana. Caesar akawa konsuli mwaka uliofuata. Mwenzake Bibulus, baada ya kupigwa na wafuasi wa Caesar, alijifungia nyumbani, na wachekeshaji wa mji wakasema mwaka huo una makonsuli wawili: Julius na Caesar. Kisha Caesar akaenda Gallia, sehemu kubwa ikiwa ni Ufaransa ya leo, akakaa huko karibu miaka kumi na kurudi na jeshi lililomjua yeye kuliko lilivyoijua Seneti. Crassus alikuwa ameuawa vitani Carrhae mwaka 53 KK. Walibaki mafahali wawili. Januari 49 KK, alipoamriwa aachie jeshi, Caesar aliuvuka mto Rubicon, mpaka wa jimbo lake na Italia. Mwaka uliofuata alimshinda Pompey huko Pharsalus. Pompey alikimbilia Misri na kuuawa pwani.

Caesar hakubuni cheo kipya. Alichukua kile kile cha dikteta, kwanza kwa muda mfupi, kisha kwa miaka kumi, na mapema mwaka 44 KK kwa maisha yake yote. Alirekebisha kalenda, akaongeza maseneta hadi 900, akagawa ardhi kwa askari wake. Tarehe 15 Machi mwaka huo wala njama, ambao mwanahistoria Suetonius anasema walizidi 60, wakiongozwa na Brutus na Cassius, walimchoma visu 23 chini ya sanamu ya Pompey. Waliamini kuwa akiondoka mtu, jamhuri itarudi yenyewe. Hawakuwa na mpango wa siku ya pili, na majeshi ya Caesar yalikuwa bado yapo.

Aliyeyarithi, pamoja na jina, alikuwa Octavian, mjukuu wa dada yake Caesar, kijana wa miaka 18. Mwaka 43 KK, hajatimiza 20, alipeleka askari Roma kudai ukonsuli, akaupata. Kisha yeye na majemadari wawili wa Caesar, Marcus Antonius na Lepidus, wakapewa na sheria mamlaka ya watu watatu ya kuipanga upya dola. Orodha za Sulla zikarudi. Mwanahistoria Appian anahesabu maseneta wapatao 300 na watu 2,000 wa tabaka la wapanda farasi. Miongoni mwao alikuwa Cicero, mtetezi hodari wa jamhuri. Kichwa na mikono yake vilitundikwa kwenye jukwaa alilozoea kuhutubia. Baadaye washirika hao wakageukana, na Septemba 31 KK Octavian alimshinda Antonius na Malkia Kleopatra wa Misri katika vita vya majini vya Actium, na mwaka uliofuata Misri ikawa mali ya Roma.

Kosa la Caesar hakulirudia. Januari 27 KK alitangaza mbele ya Seneti kwamba anairudisha dola mikononi mwa Seneti na watu wa Roma. Seneti, kwa shukrani, ikampa jina la Augustus na kumwachia majimbo yenye hatari, yaani yale yaliyokuwa na majeshi. Mwaka 23 KK aliacha ukonsuli na kupokea uwezo wa tribuni bila kuwa tribuni, maana kwa nasaba yake hakuruhusiwa kukishika cheo hicho. Akapata kinga ya kidini na kura ya turufu. Juu ya hayo akaongezewa amri iliyozidi ile ya maliwali wote. Kila kipande kilikuwa cha kale na halali. Kilichokuwa kipya ni vyote kukutana kwa mtu mmoja, bila tarehe ya kumalizika.

Hata tatizo la askari, lililoanza enzi za Gracchus, alilipatia mfumo. Mwaka 6 BK alianzisha hazina ya kijeshi, akaitia sarafu za sesterce milioni 170 kutoka mali yake na kuitegemeza kwa kodi ya asilimia 5 ya mirathi, ili askari anayestaafu alipwe na dola. Tangu hapo jemadari wa kawaida hakuwa na cha kuwaahidi watu wake kumzidi Kaisari.

Misri aliishika kipekee: liwali wake alitoka tabaka la wapanda farasi, na seneta hakuruhusiwa kukanyaga huko bila idhini. Kupitia bandari za Misri, biashara ya Bahari ya Hindi ilistawi. Karne ya kwanza BK mwandishi mmoja wa Kigiriki aliandika mwongozo wa bahari hiyo na kuitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, ambalo watafiti wengi hulitafuta pwani ya Tanzania ya leo. Pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa vilitoka huko kuelekea kaskazini.

Augustus alifariki tarehe 19 Agosti mwaka 14 BK, katika mwezi uliokwisha kupewa jina lake. Ilikuwa zaidi ya miaka 40 tangu Actium, na waliokuwa na kumbukumbu ya jamhuri walibaki wachache. Mwanawe wa kulea, Tiberius, alirithi, na mwaka huo huo uchaguzi wa viongozi ukahamishwa kutoka kwa raia hadi Seneti. Raia walinung'unika, basi.

Nafasi moja ya kurudi nyuma ilijitokeza mwaka 41 BK, Kaisari Caligula alipouawa na maofisa wa walinzi wake. Seneti ilikutana na kujadili kurudisha uhuru wa zamani. Wakati inajadili, walinzi wakamkuta ami yake Caligula, Claudius, amejificha nyuma ya pazia katika jumba la kifalme, wakamchukua hadi kambini na kumtangaza. Aliwaahidi sesterce 15,000 kila mmoja. Siku iliyofuata mjadala ulikuwa umekwisha.

Makonsuli waliendelea kuteuliwa na miaka kuitwa kwa majina yao. Raia wa mwisho kukishika cheo hicho, bila kuwa kaisari, alikuwa Basilius, mwaka 541 BK, mjini Constantinople. Wakati huo kazi kubwa ya konsuli ilikuwa kutoa michezo na sherehe za kuufungua mwaka, na Kaisari Justinian hakumteua mwingine.