Kinywa kikavu kisha radioterapi: vile mugonjwa anaweza kulinda meno na taya

Mugonjwa wa kansere ya kinywa ao ya koo akirudi Dilala kisha wiki nyingi za matunzo ya miale, familia inafurahi. Uvimbe umepunguka, maumivu yametulia. Lakini kwa meza kunatokea shida yenye wengi hawakungojea: bukari inakwama kwenye koo, mukate haumezeki, na usiku ulimi unashikamana na kinywa. Mate yamekauka.

Wengi wanafikiri ni shida ndogo ya kupita. Haiko vile. Kinywa bila mate kinaweza kuharibu meno kwa miezi michache, na jino moja lenye kungolewa bila kuuliza linaweza kuleta kidonda cha mufupa wa taya chenye hakiponi. Ndiyo maana kulinda kinywa kunaanza mbele ya safari ya matunzo, na hakuishe mugonjwa akirudi nyumbani.

Juu ya nini mate yanakauka?

Mate yanatoka kwa tezi kubwa tatu kila upande: moja mbele ya sikio (ile inavimba mutoto akipata matumbwitumbwi), moja chini ya taya, na moja chini ya ulimi. Kuko tena tezi ndogo mamia ndani ya midomo na mashavu. Kwa mutu muzima, zinatoa kati ya nusu litri na litri moja na nusu kwa siku. Mate yanalainisha chakula, yanasaidia kusema na kusikia ladha, na yanaosha asidi yenye kula meno.

Miale inayoua kansere ya ulimi, koo ao shingo inapita pia kwenye tezi hizo. Matunzo kamili yanachukua mara nyingi siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 ao 7. Tangu wiki ya kwanza ao ya pili, mate yanaanza kupunguka na kuwa mazito kama uzi. Tezi yenye ilipata miale kidogo inaweza kurudilia kazi yake polepole, kwa mwaka moja ao mbili. Yenye ilipata mingi inaweza kubaki kavu maisha yote. Mashine za kisasa zinaweza kuelekeza miale na kuepusha sehemu ya tezi, ndiyo maana ni vizuri kumuuliza munganga kama inawezekana.

Jambo moja lijulikane: miale ya kansere ya mulango wa kizazi inapita chini ya tumbo, haigusi tezi za mate. Mama mwenye kutumwa kwa matunzo hayo asiyakatae juu ya kuogopa kukauka kinywa.

Mbele ya kuvuka mupaka

Kwa miaka mingi, watu wa Katanga wenye kuhitaji miale wamefuata barabara ya Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa mupaka Lusaka, kwenye Cancer Diseases Hospital iliyofunguliwa mwaka 2007. Safari ni ndefu na feza zinatafutwa kwa ndugu wote. Katika mbio hizo, meno yanasahauliwa.

Lakini munganga wa meno ndiye wa kuona mbele. Jino lenye kuoza linatunzwa. Lenye haliwezi kuokolewa linangolewa karibu wiki 2 mbele ya miale kuanza, ili kidonda kipone.

Juu ya nini haraka hiyo? Kwa sababu mufupa wa taya wenye ulipata miale mingi unapoteza sehemu ya mishipa yake ya damu. Jino likingolewa baadaye, kidonda kinaweza kukataa kufunga na mufupa ukaanza kufa. Hatari hiyo haiishe na miaka. Mugonjwa mwenye alipona tangu miaka 10 hapaswe kuketi mbele ya mungoa meno wa soko bila kusema kwamba alipata miale.

Hapa karatasi zinasaidia. Za Lusaka zinaandikwa kwa Kiingereza, na waganga wa Kolwezi wamezoea Kifaransa. Inafaa kutafsirisha mambo matatu: sehemu gani ilipata miale, kipimo gani, na tarehe gani matunzo yaliisha. Karatasi hiyo ichungwe pamoja na kadi ya mupiga kura.

Nyumbani, kila siku

Maji: kunywa kidogo kidogo muchana kutwa, na kutembea na chupa, hata kwa kanisa na kwa soko.

Kusukutua: chemsha litri moja ya maji, yaache yapoe, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi na kimoja cha bikarbonati ya kupikia, ile wamama wanatia mu sombe. Sukutua mara nyingi kwa siku, kisha tema, usimeze. Tengeneza mapya kila siku.

Meno: brosi laini na dawa ya meno yenye fluori, kisha kila chakula na mbele ya kulala. Munganga wa meno anaweza kuandika fluori yenye nguvu zaidi. Meno ya bandia yatolewe usiku na kuoshwa.

Chakula: bukari laini yenye muchuzi mwingi, uji, maharagi ya kuponda, lengalenga, mayai, avoka, papai, samaki bila miiba. Mukate uchovywe mu chai. Mahindi ya kuchoma, biskuti kavu na pilipili vinaumiza. Bonbon na sukre vinaharibu meno upesi, kwa sababu hakuna mate ya kuyaosha. Pombe, sana sana lutuku, na tumbako vinakausha kinywa zaidi na vinaongeza hatari ya kansere kurudi.

Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 5 mupaka wa 9, hewa ya Kolwezi inakauka na vumbi ya barabara inazidi. Beseni la maji ao kitambaa chenye maji ndani ya chumba vinasaidia usiku. Lakini mbabula isiingizwe kwa chumba cha kulala kwa sababu ya baridi: moshi wake unakausha koo, na hewa ya makala inaweza kuua wenye kulala.

Kuko na dawa?

Kama tezi zingali na nguvu kidogo, shingamu isiyo na sukari inaweza kuamusha mate. Kuko pia mate ya bandia ya kupulizia. Dawa ya pilokarpine inasukuma tezi kufanya kazi, lakini inaandikwa na munganga: inatoa jasho sana, na haifai kwa watu fulani, kama wenye pumu isiyotulia ao wenye magonjwa fulani ya macho. Dawa zingine, sawa vile zile za aleji na za kukojolesha wenye tension, zinaweza kukausha kinywa zaidi. Mugonjwa asiziache peke yake, amwambie munganga.

Wakati gani kukimbia hospitali?

Bila kungoja, kama kuko utando mweupe wenye kuuma mu kinywa, jino lenye kutikisika, mufupa kuonekana kwenye ufizi, uvimbe mupya, homa, damu, ao mugonjwa anashindwa kunywa na anakonda.

Na familia isimuzanie kuwa ana kiburi akichelewa kumaliza sahani. Anakula bila mate. Aongezewe muchuzi, na apewe muda.